Njiwa wa Linha Araçá

Wiki ya mwisho ya Aprili, mtu aliyepita kwa farasi kwenye barabara ya kijiji cha Linha Araçá aliweza kuhesabu miteremko kumi na miwili, na kumi na mmoja kati yake ilikuwa myekundu. Mmoja tu ulikuwa umevaa kijani, oti changa zimesimama mistari iliyonyooka kana kwamba mtu amezipanga kwa kamba. Huo ulikuwa mteremko wa Casimiro Gurski. Na Casimiro Gurski ndiye aliyetunza mbegu za watu wote.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mrefu, mwembamba, na mwenye tabia ya kupangusa mikono kwenye suruali kabla ya kugusa chombo chochote. Siku hizo alikuwa ameacha kupita barabarani. Akitaka kwenda kisimani au kanisani alizunguka nyuma, kwenye njia ya ng'ombe, na alipoulizwa na jirani mmoja kwa nini anajichosha hivyo, alisema farasi wake anaogopa mawe ya barabarani. Farasi huyo alikuwa amepita kwenye mawe hayo miaka kumi na minne.

Mbegu zenyewe hazikuwa za kuliwa. Oti nyeusi, nafaka inayofanana na ngano, na njegere pori hupandwa kule Machi na Aprili, maharage na mahindi yakishatoka, ili udongo usikae uchi wakati wa mvua za baridi. Septemba farasi huburuta gogo lenye visu juu ya mimea hiyo, majani yote yakalala kama mkeka, na maharage mapya huchomekwa humohumo kwa kipandio cha mkono, bila plau. Wenyeji wenye umri wa Casimiro wanaikumbuka Linha Araçá ya kabla ya hapo. Kila Juni udongo ulishuka hadi barabarani, na kila Julai wanaume walitoka na majembe kuufungua mtaro, huku kila mmoja akijua vizuri kwamba anachokitupa pembeni ni shamba la mtu.

Ndipo familia kumi na mbili zilipounda chama na kupata mashine ya kupandia, ya mistari mitano, yenye visahani vya chuma vya kuchana mabaki ya mazao na mirija ya kushushia mbegu, ya kuvutwa na farasi wawili. Walimkabidhi Casimiro ufunguo wa banda la mashine bila kupiga kura. Yeye ndiye pekee aliyekuwa na subira ya kuipima. Kila Machi aliiinua kwenye magogo, akafunga mfuko chini ya kila mrija, akalizungusha gurudumu mara ishirini na tano, kisha akapima mfuko mmoja mmoja kwenye mizani ya jikoni ya mkewe. Mrija mmoja ukitoa pungufu hata kwa kijiko, alifungua, akasafisha, akaanza upya. Watu walimtania kwamba akifa ataomba jeneza lipimwe kwanza. Walimtania, lakini mwaka wa nane huo hakuna aliyekuwa ameona mstari wake umepinda.

Kulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza ni kwamba mbegu za mwaka unaofuata zilikaa kwake, za wote pamoja, kwenye banda lake la zamani la kukaushia tumbaku, kwa sababu lilikuwa kavu na panya hawakuweza kupanda kuta zake. Ya pili ni kwamba zamu za mashine zilipigiwa kura kwa vijiti, isipokuwa ya mtunza mashine. Mtunza mashine hupanda mwisho. Casimiro mwenyewe ndiye aliyeiweka desturi hiyo, mtu asije akasema ufunguo umemnufaisha.

Kwa hiyo alipanda mwisho, tarehe kumi na moja ya Aprili, wengine wakiwa wamemaliza kati ya wiki moja na tatu kabla yake. Magunia ya bandani yalikuwa yamekwisha, akateremsha matatu ambayo Desemba yalikosa nafasi na kulazwa kwenye dari ya nyumba, juu ya chumba cha kulala. Siku tisa baadaye shamba lake lilitoka kijani. Ya wenzake hayakutoka.

Jumapili, mbele ya ukumbi wa kanisa, wanaume walikuwa wanacheza karata na kukizungusha kikombe cha mate, ile chai chungu inayonyonywa kwa mrija wa chuma. Ludovico Mazur, baba wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Casimiro, na kwa hiyo compadre wake, ambaye hakuna aliyemshinda kwa maneno, aliweka karata zake chini.

"Compadre, njiwa wa huku wamesoma," alisema. "Wanajua kabisa shamba lipi ni la mtunza mashine. Hilo hawaligusi."

Watu walicheka. Casimiro naye alicheka, kisha akasema neno ambalo baadaye alilirudia kichwani mara nyingi kuliko sala: kwamba kweli, mwaka huu njiwa ni wengi. Hakuwa amefikiri. Lakini lilikuwa limetoka kwenye kinywa cha mtu anayepima mbegu kwa kijiko, na hadi jioni likawa ndilo jibu la Linha Araçá nzima.

Jumatano Genoveva Prus alimjia nyumbani. Alikuwa mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na shamba lake lilikuwa lenye mwinuko mkali kuliko yote, limening'inia juu ya barabara. Plau haikuweza kusimama pale. Bila mkeka wa oti asingekuwa na maharage Septemba, na bila mizizi ya oti asingekuwa na shamba Julai. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye ngazi na, kwa lile seu la heshima, yaani bwana, akauliza alichotaka kuuliza.

"Seu Casimiro, ni njiwa kweli?"

"Watakuwa njiwa, dona Genoveva."

"Basi wanafukuzika," alisema, akaondoka.

Kesho yake asubuhi Casimiro alishuka hadi ukingoni mwa shamba la Ludovico akiwa na kisu cha tumbaku. Alipiga magoti na kufukua mstari mmoja, kiasi cha hatua tatu. Mbegu zote zilikuwamo. Zilikuwa kwenye kina sahihi, vidole viwili chini, zimepangana kama alivyoziacha. Aliichukua moja akaibonyeza kati ya kucha. Ilitoa uji wa kijivu. Akachukua ya pili, ya tatu, akaenda hadi kumi na tano, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini idadi ndogo. Zote uji. Hakuna njiwa aliyekuwa amefika pale.

Alikuwa bado amepiga magoti aliposikia ng'ambo ya bonde mlio wa sufuria inayopigwa kwa kijiko. Genoveva alikuwa ameanza kufukuza njiwa.

Mtu mwingine angepanda kilima saa ileile kumwambia. Casimiro alijiambia kwamba huwezi kuwapelekea watu habari nusu. Mbegu zimekufa, sawa, lakini kwa nini? Unyevu? Ukungu? Mashine? Alirudi bandani akaipima mashine upya, mrija kwa mrija, mara ishirini na tano kwa kila mmoja, huku mlio ule ukimfikia kupitia mbao. Mashine ilikuwa sawasawa. Aliipima tena alasiri.

Jumamosi mkewe alirudi. Bronislava, ambaye kila mtu alimwita Brônia, alikuwa mjini Curitiba tangu mwisho wa Februari kwa binti yao aliyejifungua mtoto wa kwanza, na aliposhuka kwenye basi na kuitembea ile kilomita ya mwisho aliiona miteremko yote kabla hajamwona mume. Alivua viatu vya safari, akavaa vya nyumbani, akafungua droo ya jikoni.

"Kitambaa changu umekiweka wapi?"

"Kimo humo."

Kilikuwamo. Kila Machi kwa miaka saba Brônia alihesabu mbegu mia kutoka kila rundo, akazipanga kwenye kitambaa hicho kilicholoweshwa, akakikunja kama chapati na kukiweka karibu na jiko kwa siku saba. Kisha alihesabu zilizochipua na kumtajia mumewe idadi, naye aliongeza au kupunguza kipimo cha mashine kulingana nayo. Casimiro aliuona huo kama upande wa kike wa kazi, kama kusuka mkate wa Pasaka. Sasa Brônia alikishika kitambaa kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimekunjwa vilevile alivyokikunja mwaka uliopita, mkunjo wa pasi ungalipo.

"Casimiro, hukupima."

"Nilizing'ata."

"Ulizing'ata." Alikaa. "Familia kumi na moja, na mwanaume mzima anapima kwa meno."

"Zilikuwa kavu, Brônia. Sijawahi kung'ata mbegu kavu vile. Zilipasuka vizuri."

"Hata bisi hupasuka vizuri."

Hakuwa na nia ya kusema zaidi ya hapo. Alikuwa amechoka na safari. Lakini mumewe aligeuka akalitazama banda la zamani kupitia dirishani. Kwenye kichwa cha Casimiro ilikuwa imerudi wiki moja ya Januari. Bomba la moto la banda la Ludovico lilipasuka, na mchumo wake wa mwisho wa tumbaku ulikuwa tayari umekatwa, unaanza kuoza kwenye mkokoteni. Ludovico alikuja kuomba banda la zamani la compadre wake kwa siku tano. Casimiro alikubali kabla hajamaliza kuomba. Wakayapandisha magunia ya mbegu kwenye mbao za juu kabisa, wawili hao, wakiambiana utani, kisha wakatundika majani na kuwasha kuni. Brônia alikuwa kwa dada yake siku hizo.

Hakuwa amesahau magunia. Hilo ndilo lililomkera zaidi alipolifikiria: aliyakumbuka, akaona ni bahati njema. Tangu akiwa na miaka saba alikuwa amelishwa na moto ule. Jani bichi huingia bandani likiwa na maji na ukungu, hutoka baada ya siku tano likiwa na rangi ya dhahabu, haliozi tena hata ukilificha mwaka mzima. Kwa mkulima wa tumbaku moto ndio unaotunza vitu. Joto litawaua wadudu, alimwambia Ludovico, mbegu zitakaa vizuri zaidi. Na zilikaa vizuri. Hazikuwa na mdudu hata mmoja.

Alipomweleza, Brônia hakumkemea. Alikung'uta magunia matupu ya bandani hadi akapata mbegu mia, akachukua mia nyingine kutoka masalio ya dari, na mia ya tatu, bila kuombwa, kutoka kwenye magunia manne ya oti za farasi yaliyokuwa zizini. Vitambaa vitatu, siku saba. Alipokuwa anavikunja alisimama akasikiliza.

"Nani anapiga sufuria?"

Casimiro alimweleza.

"Na wewe umemwachia apige?"

"Hadi tujue kwa hakika."

"Wewe unajua," Brônia alisema. "Anayesubiri hakika ni kitambaa."

Hata hivyo Casimiro alisubiri, siku zote saba, na zote saba sufuria ililia kuanzia umande unapokauka hadi mchana. Siku ya nne mvua ndogo ilinyesha na mlio ukawa mzito. Casimiro aliacha kula mezani, akawa anakula amesimama karibu na jiko, kwenye upande ambao kuni zinapasuka kwa sauti. Jumamosi Brônia alifungua vitambaa. Za dari, tisini na moja. Za farasi, sabini na nne. Za bandani, tatu.

Jumapili Casimiro alivibeba viwili, cha dari na cha bandani, akavifungua juu ya meza ya karata. Hakusema mengi. Alisema mbegu zilipikwa kwenye banda lake, kwa ruhusa yake, na kwamba hakuzipima. Alisema za kwake zilitoka darini, na kwamba hakujua. Watu waliinama kutazama: kitambaa kimoja kimejaa vichipukizi vyeupe, kingine kina vitatu tu, vimepinda. Mzee mmoja aliuliza banda liliwashwa kwa ajili gani Januari, na Casimiro alijibu, "Kwa tumbaku." Ludovico alikuwa amekaa mkabala naye. Alikuwa ameshika kikombe cha mate kilichokwisha maji, akaendelea kuunyonya mrija.

"Kumbe njiwa wamesingiziwa," mtu alisema kutoka nyuma, lakini safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu Genoveva alikuwa amesogea hadi mezani. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi, siku kumi zilizopita. Nilifukua."

"Alhamisi ndiyo niliyoanza kupiga sufuria."

"Nilikusikia," Casimiro alisema.

Baadaye watu walikubaliana kwamba mbegu wangemsamehe. Mbegu ni kosa, na kila mmoja pale alikuwa amewahi kuunguza kitu. Neno lile, nilikusikia, ndilo lililowashinda. Waliamua mambo haraka, bila kupandisha sauti. Magunia manne ya oti za farasi, ambayo Casimiro aliyatoa kabla hayajaombwa, yaende kwenye miteremko mitatu mikali zaidi, wa Genoveva kwanza, waliobaki wajitafutie. Mbegu za mwaka ujao zikae kila mtu kwake. Na ufunguo wa mashine uhame. Mtu alitaja jina la Ludovico, labda kwa kuwa ndiye aliyekaa karibu. Casimiro aliutoa ufunguo mfukoni, akaupangusa kwenye suruali, akausukuma juu ya meza. Ludovico aliuchukua. Hakumtazama.

Ilikuwa tayari Mei, na udongo ulikuwa umelowa kiasi kwamba visahani vya mashine vingejaa tope kabla ya kufika mwisho wa mstari. Ilibidi kurudi kwenye njia ya baba zao: mfuko begani, kutupa mbegu kwa mkono kila hatua ya mguu wa kulia, kisha farasi aburute tawi lenye majani mengi kuzifukia. Casimiro alitembea mteremko wa Genoveva siku mbili. Hakuwa ametupa mbegu kwa mkono kwa miaka minane, na mkono ulikuwa umesahau. Nusu ya juu ilitoka sawasawa, nusu ya chini, aliyoimaliza siku ya pili chini ya manyunyu, mbegu zilitelezea kwenye vijito na kukusanyika humo. Aliliona hilo wakati anafanya. Hakukuwa na mbegu ya kurudia.

Mvua kubwa ilikuja wiki ya kwanza ya Juni, siku tatu bila kupumzika. Ilipokatika, nusu ya juu ya mteremko wa Genoveva ilikuwa bado mahali pake, imeshikwa na oti zenye urefu wa kiganja, chache lakini zimeshika. Nusu ya chini ilikuwa imechanwa mifereji mitano, na udongo wake ulikuwa umelala kwenye mtaro wa barabara, mwekundu, laini kama unga uliokandwa, umeziba hadi ukingoni.

Casimiro alifika asubuhi ya nne akiwa na mkokoteni, sepetu na farasi wake. Alikuja kwa barabara. Alianza kuchota udongo mtaroni na kuujaza mkokotenini, akaupandisha hadi farasi alipokwama, na kutoka hapo akaubeba kwa kikapu, akaumwaga kwenye mfereji wa kwanza na kuukandamiza kwa mgongo wa sepetu. Wapita njia wawili walimsalimu kwa kichwa. Hadi saa nne alikuwa amejaza kipande cha mfereji kisichozidi urefu wa mtu.

Genoveva alitoka nyumbani kwake akashuka hadi kwenye mtaro.

"Huo unaoupandisha si wangu wote," alisema. "Nusu ni wa Ludovico. Umeshuka kutoka kwake."

"Nitaupandisha wote."

"Na nusu yake?"

"Ludovico akiutaka atakuja kuuchukua."

"Hatakuja." Alisogeza kwa mguu bonge la udongo lililokuwa linataka kuteleza tena. "Watu wote wanajua banda lilikuwa la nani. Tumbaku ilikuwa ya nani hakuna aliyeuliza."

Casimiro alichomeka sepetu. "Banda ni langu, dona Genoveva."

Genoveva alipanda kilima akarudi nyumbani, na Casimiro alidhani mazungumzo yamekwisha. Alijaza kikapu, akakipandisha, akakimwaga, akashuka. Aliposhuka alimkuta amerudi, ameinama kwenye mtaro na sketi imekunjwa magotini, anachota udongo kwa sufuria. Kitako cha sufuria kilikuwa kimebonyea pande zote na kingo zimepinda.

Alipoona Casimiro anaitazama, aliinua sufuria ikiwa imejaa na kuimwaga kwenye kikapu chake.

"Hii haifai tena kupikia," alisema. "Beba."